Baridi siyo muuaji: dhana potofu kuhusu wala majani wa tundra

Mizoga ikionekana kwenye theluji ya tundra, nyika baridi isiyo na miti ya kaskazini ya dunia, jibu huwa tayari kabla swali halijaulizwa: wamekufa kwa baridi. Wanafunzi husema hivyo, waandishi wa habari huandika hivyo, na wenye nia njema huchangisha fedha kwa sababu hiyo hiyo. Karibu kila mara si kweli. Tena ni kosa lenye gharama, maana anayeamini kwamba baridi ndiyo iliyoua hushika kipimajoto na kupima hewa, ilhali kilichoua kiko chini ya nyayo zake, pale theluji inapokutana na udongo.

Wanyama wanaohusika si wengi. Kuna reindia, wa jamii ya kulungu, ambaye dume na jike wote huota pembe. Kuna ng'ombe-miski, mwenye manyoya marefu yanayoning'inia karibu na ardhi. Kuna sungura wa Aktiki, lemingi (mnyama mdogo mfano wa panya), kidiri wa Aktiki na kware-theluji. Mabata bukini nao ni wala majani, ila wao huja kiangazi na kuondoka.

Dhana: Baridi kali ndiyo inayowaua

Tuanze na namba, kwa nyuzi za Selsiasi. Kila mnyama mwenye damu moto ana kiwango fulani cha joto la hewa. Hewa ikiwa juu ya kiwango hicho, hahitaji kuchoma nishati ya ziada ili kujipasha. Ikishuka chini yake ndipo mwili unapoanza kulipa. Binadamu asiye na nguo kiwango chake ni kama nyuzi 27. Reindia mzima aliyekwisha kuota manyoya ya majira ya baridi, akiwa mkavu na ameshiba, kiwango chake ni kama nyuzi 30 chini ya sifuri. Ndugu zake wa visiwa vya Svalbard, kaskazini ya mbali ya Norway, wanafika karibu nyuzi 50 chini ya sifuri. Kwa hiyo siku ya nyuzi 25 chini ya sifuri, siku ambayo mtu hawezi kuvua glovu, reindia anacheua tu na wala hatetemeki. Hajikazi, hajitoi mhanga. Hali hiyo kwake ni ya kawaida.

Anawezaje? Watu hujibu kwa neno moja, manyoya, halafu huyasifu kana kwamba yanatoa joto. Manyoya hayatoi joto hata chembe. Kazi yake ni kuishika hewa isitembee. Unywele wa nje wa reindia una vyumba vidogo vya hewa ndani yake, na chini ya nywele hizo kuna sufu laini iliyosongamana. Ushahidi unaonekana kwa macho: theluji inayomwangukia mgongoni hukaa hapo bila kuyeyuka. Ingekuwa inayeyuka, hapo ndipo pangekuwa pa kuingiwa na wasiwasi.

Lakini mnyama hawezi kufunika pua wala kuacha kutembea, na hapo ndipo kazi ya kweli inapofanyika. Ndani ya pua ya reindia kuna mifupa myembamba iliyojikunjakunja na kufunikwa utando wenye mishipa mingi ya damu. Hewa baridi ikiingia hupashwa na utando huo, na utando wenyewe hupoa. Hewa ya mapafuni ikitoka hupita juu ya utando uliopoa na kuuachia joto pamoja na unyevu. Katika baridi kali, pumzi inayotoka huwa imepoa nyuzi 20 au zaidi chini ya joto la mwili. Sehemu kubwa ya joto haipotei, wala ya maji. Miguuni mambo ni yayo hayo kwa njia nyingine: mishipa inayopeleka damu chini hupita bega kwa bega na ile inayoirudisha juu, hivyo damu inayoshuka huiachia joto lake damu inayopanda. Mwili una nyuzi 38 hadi 39, lakini karibu na kwato joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini ya hapo. Mafuta ya sehemu hizo za chini ni ya aina isiyoganda upesi, kwa hiyo mguu unabaki laini hata ukiwa baridi.

Na tafadhali, zile namba za ubaridi wa upepo zinazotangazwa kwenye utabiri wa hali ya hewa zimekokotolewa kwa ajili ya uso wa binadamu usiofunikwa. Kumbebesha reindia namba hizo ni kumpima mtu kwa kiatu cha mwenzake.

Kuna hali moja ambayo nakubali neno baridi litumike: ndama aliyezaliwa muda si mrefu akiwa amelowa. Ndama wa reindia huzaliwa na akiba ya mafuta ya kahawia, yale ambayo kazi yake ni kuchomwa ili kutoa joto, na anaweza kuongeza uzalishaji wake wa joto kama mara 5. Akiwa mkavu huivumilia baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Lakini kiwango chake cha kuanza kulipa ni kama nyuzi 10 juu ya sifuri, maana yake analipa tangu dakika ya kwanza. Mvua iliyochanganyika na theluji ikimlowesha, upepo ukaongezeka, na mama akawa hana maziwa ya kutosha, akiba inakwisha. Angalia tena: hali inayomuua ni ya nyuzi sifuri hivi, yenye maji. Ile ya nyuzi 20 chini ya sifuri, kavu, anaivuka.

Sasa tuje kwenye kinachoua. Majira ya baridi ya tundra ni hesabu ya nishati inayotoka na nishati inayoingia, na kwa miezi 7 au 8 inayotoka ni nyingi kuliko inayoingia. Chakula kikuu cha makundi mengi ya reindia wakati huo ni likeni, viumbe mfano wa mimea vinavyoota juu ya udongo na mawe, ambazo zina wanga mwingi lakini protini haifiki asilimia 5. Mwili hujibu kwa kubana matumizi. Hamu ya kula hupungua, tena hupungua hata kwa reindia wa kufugwa aliyewekewa chakula tele mbele yake. Ukuaji husimama. Urea, taka ya protini ambayo kwa kawaida ingetoka na mkojo, hurudishwa kwenye tumbo la kwanza kupitia mate na damu ili bakteria waitumie kutengeneza protini. Jike wa Svalbard anaweza kupoteza robo ya uzito wake au zaidi kati ya vuli, kabla ya baridi, na masika, baridi ikiisha, akazaa na kuendelea. Mafuta ya mgongoni na kiunoni humsaidia, lakini hayatoshi peke yake. Sehemu kubwa ya nishati lazima itoke kwenye malisho, siku kwa siku.

Ndiyo maana swali lenye uzito ni moja: je, chakula kinafikika? Reindia huchimba theluji kwa kwato za mbele hadi kwenye mimea. Kwato zenyewe hubadilika kwa msimu. Kiangazi nyayo huwa laini na pana kwa ajili ya matope. Majira ya baridi hunywea na kuwa ngumu, ukingo wa kwato ukabaki wazi ukiuma barafu, na nywele zikaota katikati ya vidole. Kila shimo lina gharama, na mwenye nguvu humfukuza aliyechimba. Hapo pembe za jike zinapata maana: madume wazima huangusha zao mwanzoni mwa majira ya baridi, na jike mwenye mimba hubaki na zake hadi karibu na kuzaa, akalinda shimo lake.

Theluji laini, kavu, si tatizo kubwa. Tatizo ni mvua. Mvua ikinyesha juu ya theluji mwezi wa Oktoba au Novemba, maji hupenya hadi chini, baridi inarudi, na mimea yote inafungiwa ndani ya ukoko wa barafu ulioshikana na udongo. Kwato hazipasui. Harufu haipiti vizuri. Na ukoko huo hauondoki hadi masika.

Oktoba 2003 mvua ya namna hiyo ilinyesha kwenye Kisiwa cha Banks, kaskazini mwa Kanada, na ng'ombe-miski wapatao 20,000 wakafa kwa njaa. Novemba 2013 ikawa zamu ya rasi ya Yamal nchini Urusi, ambako wafugaji wa Kineneti huhama na makundi yao: katika majira hayo ya baridi walikufa reindia 61,000 kati ya 275,000 waliokuwa kusini mwa rasi. Miaka 7 nyuma yake, mwaka 2006, walikuwa wamekufa kama 20,000 hapo hapo. Mwaka 2019 huko Svalbard ilihesabiwa mizoga zaidi ya 200 baada ya mvua za Desemba. Mvua hainyeshi kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Katika kila tukio hapo juu, mwanzo wa maafa ulikuwa siku chache za joto. Anayesema walikufa kwa baridi ameyageuza mambo juu chini.

Kuna mfano mwingine ambao watu huutaja kutetea baridi, nao ni Kisiwa cha St. Matthew katika Bahari ya Bering. Mwaka 1944 Wamarekani walipeleka reindia 29. Kisiwa hakikuwa na mbwa mwitu, na likeni zilikuwa nene. Kufikia 1963 walikuwa wamefika 6,000. Majira ya baridi ya 1963 hadi 1964 yalikuwa makali kwelikweli, theluji ikawa nyingi, na hesabu ya 1966 ikakuta 42. Baridi, si ndiyo? Hapana. Likeni zilikuwa zimelika hadi kwisha, na likeni huota milimita chache tu kwa mwaka. Wanyama waliingia majira yale ya baridi bila mafuta. Mifupa iliyochunguzwa baadaye haikuwa na mafuta hata kwenye uboho.

Uboho ndio shahidi wangu ninayempenda, na anayetaka kubishana kuhusu chanzo cha kifo aanzie hapo. Mnyama mwenye njaa hutumia mafuta kwa mpangilio: kwanza ya chini ya ngozi mgongoni, kisha yanayozunguka figo, na mwisho kabisa ya uboho. Hata ndani ya miguu kuna mpangilio, fupa la paja huishiwa kabla ya mifupa ya chini. Kwa hiyo:

Chukua fupa la paja la mnyama mzima, likate kwa msumeno katikati, toa kipande cha uboho. Kama umeganda, uache uyeyuke kwanza, kwa sababu uboho ulioganda hudanganya rangi. Ukiwa mweupe au wa waridi hafifu, mgumu kama mafuta ya kupikia yaliyoganda, mnyama hakufa kwa njaa. Tafuta sababu nyingine. Ukiwa mwekundu na wa kuteleza, mithili ya jeli yenye maji, njaa ilikuwa imefika mwisho. Kwa uhakika zaidi pima uzito wake, ukaushe kwenye oveni ya nyuzi 60 hadi 65 mpaka uzito usipungue tena, kisha linganisha. Kinachobaki karibu chote ni mafuta, na kikiwa chini ya asilimia 20 ya uzito wa mwanzo, umepata jibu. Usitumie rangi kwa ndama: uboho wake ni mwekundu kwa asili kwa sababu bado unatengeneza damu, na wengi wamepotoka hapo.

Baada ya fupa, theluji. Chimba shimo hadi kwenye udongo, nyoosha ukuta mmoja, na ujaribu kila tabaka kwa mkono. Tabaka linaloingiza ngumi ni laini. Linalofuata huingiza vidole vinne, kisha kidole kimoja, kisha penseli, kisha kisu peke yake. Tabaka la penseli likiwa juu juu, reindia mzima huweza kulivunja kwa taabu. Tabaka la kisu likiwa limeshika mimea, malisho hayo yamefungwa. Rudia kwenye miinuko inayopigwa na upepo na kwenye mabonde, maana ukoko hauwi sawa kila mahali, na ile miinuko iliyobaki wazi ndiyo inayoamua nani ataiona masika. Sepetu na msumeno. Kipimajoto kibaki mfukoni.

Dhana: Wakiwa na njaa, watupieni nyasi kavu

Hii ndiyo inayofuata papo hapo mtu akishakubali kwamba ni njaa, na imeua wanyama wengi kwa mkono wa huruma.

Reindia ni mcheuaji mchaguzi. Kiasili huchagua likeni, majani machanga, vichipukizi, na tumbo lake la kwanza si pana kama la ng'ombe wa maziwa. Vijidudu wema wanaomeng'enya chakula humo wamezoea kile alichokuwa akila, na mnyama aliyekaa na njaa kwa wiki kadhaa amepoteza wengi wao. Ukimpa nyasi kavu zilizokatwa zikiwa zimekomaa, zenye mashina magumu, atakula, tumbo litajaa, na hazitameng'enywa. Anakufa njaa akiwa ameshiba. Ukipasua mzoga unakuta tumbo limesheheni nyasi zile zile. Ukimpa nafaka au vidonge vya chakula kwa wingi siku ya kwanza, kosa ni lingine: wanga huchacha haraka, asidi hupanda, na mnyama anaharisha au anaanguka.

Nchini Finland, Sweden na Norway ulishaji wa nyongeza ni jambo la kawaida kwa wafugaji, na wanaofanikiwa hufuata mambo machache. Huanza mapema, wanyama wakiwa bado na nguvu, si baada ya kuwaona wakilala chini. Siku za kwanza hutoa likeni, au likeni zilizochanganywa na chakula kipya kidogo, mara kadhaa kwa siku. Hubadilisha hatua kwa hatua kwa muda wa wiki 2 hivi hadi kufikia kama kilo 2 za chakula kikavu kwa mnyama mzima kwa siku. Nyasi zikitumika ni zile zilizokatwa mapema, laini, zenye majani mengi. Chakula hutandazwa kwenye mafungu mengi yaliyotengana, la sivyo madume na majike wakubwa hula na ndama wa mwaka jana hutazama. Na eneo la kulishia huhamishwa, kwa sababu wanyama waliosongamana kwenye kinyesi na tope huambukizana magonjwa ya macho na vidonda vya mdomo, ambavyo huko nyikani ni nadra.

Porini, kwa kundi lisilozoea watu, usijaribu. Wakikimbia gari la theluji lililoleta nyasi, wamechoma nishati ambayo nyasi hizo haziwezi kuirudisha.

Dhana: Hulala usingizi mzito majira yote ya baridi

Kidiri wa Aktiki hulala, naam, na ni bingwa: kwa miezi 7 au 8 joto la mwili wake linaweza kushuka hadi nyuzi 2.9 chini ya sifuri bila damu kuganda, na kila baada ya wiki 2 au 3 hujipasha tena kwa muda kisha akarudi. Mamoti wachache, ndugu wakubwa wa kidiri, nao hulala. Wengine wote wako macho. Mcheuaji mkubwa hawezi kulala miezi kwa sababu tumbo lake ni tangi la uchachushaji linalohitaji kulishwa.

Lemingi ndiye anayewachanganya watu, maana haonekani. Yuko chini ya theluji, anakula nyasi na kuvumwani, na mara nyingi anazaa huko huko. Theluji ikiwa na unene wa nusu mita au zaidi, hewa ya nje ikiwa nyuzi 30 chini ya sifuri, usawa wa udongo hubaki nyuzi chache tu chini ya sifuri. Lemingi mwenye kola, mmoja wa aina za lemingi, huota makucha makubwa kwenye vidole viwili vya katikati vya mbele kwa ajili ya kuchimba, na huyapoteza masika. Mvua inayofunga malisho ya reindia humfungia yeye pia, na kumwaga maji kwenye kiota chake.

Dhana: Lemingi hujiua kwa kuruka baharini

Hapana. Idadi yao hupanda na kushuka kila baada ya miaka 3 hadi 5, na inapopanda sana wengi hutawanyika kutafuta malisho. Baadhi huzama wakijaribu kuvuka maji. Picha ambazo dunia inazikumbuka zilitoka kwenye filamu ya Disney ya mwaka 1958, zilipigwa Alberta, jimbo lisilo na bahari, na lemingi walisukumwa. Tusilizungumze tena.

Dhana: Weupe huwapa joto

Ng'ombe-miski, mstahimilivu kuliko wote, ni wa rangi ya kahawia iliyoiva. Weupe wa sungura, kware na lemingi mwenye kola ni wa kujificha. Tena kinachoongoza mabadiliko ya rangi ni urefu wa mchana, wala si theluji yenyewe, kwa hiyo theluji ikichelewa unamkuta sungura mweupe amekaa juu ya ardhi ya kahawia, anaonekana na kila mwewe.

Dhana: Wote huhamia kusini kwenye joto

Ng'ombe-miski habanduki, hupunguza mwendo na kutafuta miinuko ambayo upepo umefagia theluji. Reindia wa Svalbard hazunguki mbali. Sungura na kware wa kaskazini kabisa hubaki. Makundi makubwa ya reindia wa mwituni wa Amerika Kaskazini huhama, ndiyo, lakini msitu wa bara wanakokwenda mara nyingi ni baridi kuliko pwani ya Aktiki waliyoiacha. Wanafuata theluji laini ambayo upepo haujaishindilia, na likeni zilizo chini yake.

Dhana: Theluji ni maji ya bure

Piga hesabu. Kilo 1 ya theluji iliyo nyuzi 20 chini ya sifuri huhitaji kilojuli 42 kufika sifuri, kilojuli 334 kuyeyuka, na takriban 160 nyingine kufika joto la mwili. Jumla ni kama kilojuli 536 kwa kila kilo, zote kutoka kwenye chakula kile kile kidogo. Ile pua inayorudisha unyevu wa pumzi inaokoa maji, na kila tone la maji lililookolewa ni joto ambalo halikutumika kuyeyusha theluji. Kware-theluji na sungura wanaokula theluji nao hulipa gharama hiyo.

Dhana: Kwenye giza la miezi hawaoni chakula

Nyuma ya retina ya reindia, utando wa jicho unaopokea mwanga, kuna tabaka linaloakisi mwanga. Kiangazi ni la dhahabu; majira ya baridi hugeuka bluu na kuufanya mwanga uliopo utumike zaidi, hata kama picha inapungua ukali. Jicho lake pia hupokea miale ya urujuanimno, ambayo binadamu haioni. Theluji huiakisi miale hiyo na likeni huinyonya, kwa hiyo likeni humtokea nyeusi juu ya ardhi angavu. Na kwa kuwa hakuna mapambazuko, ratiba ya saa 24 hulegea: hula, hulala na kucheua kwa zamu fupi mchana na usiku, zikipangwa na tumbo.

Dhana: Kiangazi ni msimu wa raha

Kiangazi ndicho kinachoamua kama majira ya baridi yatapita, na hakina raha. Siku tulivu za nyuzi 15 au 20 juu ya sifuri mbu huwa mawingu. Kuna nzi anayetaga kwenye manyoya, funza wake wakatoboa ngozi na kukaa mgongoni hadi masika yanayofuata, na mwingine anayerusha funza wake moja kwa moja puani. Reindia hukimbia, husimama wamesongamana juu ya mabaki ya theluji au kwenye vilele vyenye upepo, vichwa chini, hawali. Julai ina siku 31 tu za majani mabichi yenye protini. Jike aliyepoteza nyingi kati ya hizo huingia vuli na uzito mdogo, na jike mwepesi mno hashiki mimba mwezi Oktoba.